Safari Moja, Vitabu Viwili

Mwaka 1773 Samuel Johnson, mtungaji wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza, alisafiri pamoja na rafiki yake James Boswell katika milima na visiwa vya magharibi ya Uskoti. Mzee alikuwa na miaka 63 walipoondoka Edinburgh. Kijana alikuwa na 32. Walipanda farasi pasipopita gari, wakavuka bahari kwa mashua, wakalala katika nyumba za wenyeji.

Safari ilikuwa moja, bali vitabu ni viwili. Johnson alitoa chake mwaka 1775, akaeleza nchi, umaskini wake, na watu waliokuwa wakihamia Amerika. Boswell alitoa chake mwaka 1785, mwaka mmoja baada ya kufa kwa Johnson. Yeye alimtazama mwenziwe zaidi kuliko nchi: alivyosema, alivyokasirika, alivyocheka.

Je, kipi bora? Johnson ana fikira nzito, nami humsoma kwa heshima. Lakini alikosa jambo kubwa. Hakujua Kigaeli, lugha ya wenyeji, walakini alidai kwamba haina hati hata moja yenye umri wa miaka 100. Kumbe zilikuwako, nyingine za tangu miaka ya 1500 na kabla yake! Boswell aliandika katika daftari yake mambo yaliyosemwa mbele yake, na kwa sababu hiyo kitabu chake kingali hai.

Msomaji, ukienda ugenini andika ulichokiona. Usiseme kitu hakipo kwa kuwa wewe hukukiona.