Vidole Viwili, Dakika Tatu: «Masanga» Ilivyopigwa

Nyimbo nyingi nilizozipata mwaka huu hapa Sandoa ni za vijana wa Kolwezi na Likasi wasio na kampuni wala meneja. Wanarekodi chumbani, kisha wimbo unapita simu kwa simu. Lakini uliozidi nyingine zote kwa ujanja ulirekodiwa mwaka 1952, na aliyeupiga naye hakuwa na studio.

Ni «Masanga» ya Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, ambao leo umo katika mkoa wetu wa Lualaba. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodia garini, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya sasa. Wimbo ukapewa Zawadi ya Osborn ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo. Zawadi tuiache. Mimi nataka kujua mkono ulifanya nini.

Ukisikiliza mara ya kwanza utaapa kwamba magitaa ni mawili. Ni moja, na linapigwa kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba kwenye nyuzi nene, shahada kwenye nyembamba. Mpaka hapo hakuna siri, maana wapigaji wengi wa eneo hili la Katanga walipiga hivyo. Kwa wengi wao gumba linashika mapigo bila kuyumba na shahada ndiyo inayoimba. Kwa Bosco gumba halikubali kazi ya ulinzi. Linaacha nafasi, linachelewa, linajibu, na mara nyingine linaokota noti uliyotegemea itoke juu. Melodi imegawanywa kati ya vidole viwili, halafu sikio la msikilizaji ndilo linaloiunga. Hapo unasikia sauti ya tatu ambayo hakuna kidole kinachoipiga.

Kodi zenyewe ni zile chache ambazo kila anayejifunza gitaa huanza nazo. Utajiri uko kwenye mpangilio: kipande kinarudi kikiwa kimepunguzwa noti, au kimesogezwa kidogo mbele ya pigo, na hujui kama ni kilekile mpaka kimepita. David Rycroft aliona jambo hilo linastahili makala mbili katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, akiandika noti kwa noti kile ambacho Bosco alikibuni papo hapo.

Sisi tuliokulia kati ya Walunda na Wachokwe tuna njia fupi zaidi ya kuelewa. Mtazame mzee anayepiga chisanji: vyuma vimepangwa juu ya ubao, vidole gumba viwili vinapokezana, na wimbo unatoka katikati yao. Sidai kwamba Bosco aliutoa kwenye chisanji. Ninachosema ni kwamba masikio ya nchi hii yalikuwa tayari kabla gitaa halijafika.

Sasa kurekodi. Tracey alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi mwenyewe, akiisogeza kwa mwanamuziki kama mpiga picha anavyosogeza kamera. Hakukuwa na kupanga sauti baadaye. Umbali kati ya maikrofoni na tundu la gitaa ndio uliokuwa uamuzi wote. Ndiyo maana ukucha unasikika ukigusa uzi. Na santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu tu kila upande, kwa hiyo hakuna utangulizi wa kumpasha msikilizaji moto. Wimbo unaingia ukiwa tayari unatembea. Katika rekodi hiyo hakuna hata anayeimba.

Wengine wa Katanga waliongeza chupa ya soda iliyogongwa kwa kisu au msumari, ikishika mapigo yanayojirudia. Masengo, binamu yake Bosco, aliupeleka mtindo huu wa gitaa Nairobi, na Bosco mwenyewe akafika huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Napenda chupa, lakini «Masanga» haiihitaji: ikigongwa, ile sauti ya tatu itazimika, kwa sababu inaishi kwenye mapengo.

Hapa ndipo nyimbo za vijana wetu zinaponipoteza. Programu ya kompyuta inawapa nafasi ya kurundika sauti kadiri wanavyotaka, nao wanazijaza zote: ngoma, besi, kinanda, makofi, mwangwi. Sisemi gitaa ni bora kuliko kompyuta. Pengo linaweza kuachwa popote. Katika wimbo mmoja wa Kolwezi nilioupata karibuni, baada ya kiitikio cha pili, ngoma inanyamaza kwa mizunguko miwili na gitaa linabaki peke yake, nyuzi za chini zikizijibu za juu. Ni sekunde chache, na ndizo ninazozirudia. Kisha ngoma inarudi na kufunika kila kitu.