Mkusanyaji na Msomaji: Vibonzo vya Upinzani kati ya San Francisco na Kitengela

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umejizoeza kuuliza kazi imeandikwa na nani, kwa ajili ya tabaka gani, na kwa dhamira zipi. Ni nadra kuuliza imehifadhiwa na nani. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo kuhusu aina moja ya maandishi ambayo idara zetu zimeidharau kwa muda mrefu, na kulijibu kwa kuutazama mkusanyo mmoja ulioko Kitengela, katika kaunti ya Kajiado. Ninatumia neno vibonzo, ambalo wenzetu wa Tanzania wamelizoea, kwa kuwa neno katuni hubeba mzigo wa mambo mawili: mchoro mmoja wa ukurasa wa maoni, na hadithi inayosimuliwa kwa michoro iliyofuatana. Ninalolishughulikia hapa ni hilo la pili.

Mwenye mkusanyo ni mwalimu mzee aliyestaafu, ambaye simtaji jina kwa kuwa ndivyo alivyoomba. Katika masanduku mawili ya bati ameweka matoleo ya jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, likafa mwaka 1979. Vitabu vya Pichadithi vya miaka ya 1980. Magazeti ya Sani yaliyovuka mpaka wa Namanga. Na vipande vya Juha Kalulu wa Edward Gitau vilivyokatwa kwa makasi kutoka Taifa Leo. Aidha ana vitabu vitano vyembamba vya Kimarekani, alivyoachiwa na kijana wa Kimarekani aliyefundisha naye Kajiado katika enzi ya vita vya Vietnam. Vitano hivyo ndivyo vilivyoharibu utulivu wa masanduku hayo, kama tutakavyoona.

Yafaa tueleze asili yake. Tangu mwaka 1954 wachapishaji wa vibonzo Marekani walijifunga wenyewe kwa kanuni ya maadili iliyokataza mambo mengi, ikiwemo kuwadharau wenye mamlaka. Vijana wa San Francisco na miji mingine waliokataa kuandikishwa jeshini kwa nguvu waliikwepa kanuni hiyo kwa kuchapa nje ya mfumo. Robert Crumb alitoa Zap Comix namba 1 mwaka 1968, na habari ya kuuzwa kwake barabarani kutoka kwenye kigari cha mtoto mchanga sasa ni sehemu ya ngano za wakusanyaji. Mwaka huohuo Gilbert Shelton alianza kuchora wavuta bangi wake watatu. Bei ya Zap hiyo ilikuwa senti 25. Leo chapa yake ya kwanza, inayotambulikana kwa jina la mpiga chapa Charles Plymell kwenye jalada la nyuma, huuzwa kwa maelfu ya dola. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamili niliona vitabu vya namna hii vikitolewa kwa wasomaji wa maktaba kwa hadhari ile tunayoizoea katika miswada ya tendi za Kiswahili kwa hati za Kiarabu.

Sina ugomvi na hadhari hiyo. Ugomvi wangu ni na sifa zinazoifuata. Wakusanyaji hupenda kuviita vitabu hivi sauti ya ukombozi, na kwa kiasi fulani ndivyo vilivyokuwa. Lakini msomaji Mwafrika akifungua Zap namba 2 ya mwaka huohuo wa 1968 anakutana na Angelfood McSpade, mwanamke wa Kiafrika aliyechorwa nusu mnyama, mwenye kazi moja tu ya kutamaniwa na wanaume weupe. Watetezi husema kwamba ni kejeli dhidi ya ubaguzi. Kejeli inayohitaji kumvua nguo anayebaguliwa ili imcheke mbaguzi ni kejeli yenye njia ndefu mno. Wanawake wa harakati hizohizo waliliona jambo hili mapema: mwaka 1970 Trina Robbins na wenzake walitoa It Ain't Me, Babe, kitabu cha vibonzo kilichotungwa na wanawake watupu.

Tukirudi kwetu, kosa la haraka lingekuwa kusema kwamba Joe ndilo Zap la Nairobi. Joe liliuzwa hadharani, lilitangaza biashara, na mwanzilishi wake mmoja alikuwa amewahi kuwa mhariri mkuu wa gazeti kubwa la kila siku. Upinzani wake ulikuwa wa namna nyingine. Jarida lililouzwa barabarani mwaka 1975, mwaka alioua­wa J. M. Kariuki, halikuweza kusema kila kitu; lilimchagua mtu wa kawaida wa mjini, karani na mpangaji na mnywaji, likamwacha acheke ili asilie. Mhusika wa Hirst aitwaye Daddy Wasiwasi amebeba uhakiki wa jamii katika jina lenyewe: cheo cha baba kimekopwa kwa Kiingereza, hofu ya baba imebaki kwa Kiswahili. Mwanaisimu anayetafuta historia ya lugha mseto ya Nairobi kabla Sheng haijawa mada ya semina angefaidika kuanzia hapo. Sani nalo, ambalo jina lake limeundwa kwa silabi za kwanza za majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ya Mbajo, liliingia moja kwa moja katika Kiswahili cha mitaani, likamtoa Ndumilakuwili kutoka kwenye hazina ya methali na kumpa miguu, shati na tamaa.

Basi maandishi yetu ya chini kwa chini hasa yalikuwa yapi? Yalikuwa Pambana, lililotolewa mwaka 1982 na kundi la Desemba 12, na baadaye Mpatanishi la Mwakenya. Hayakuwa vibonzo, bali karatasi zilizopita mkono kwa mkono, zenye majina ya Kiswahili. Na hapa ndipo tofauti kubwa na Marekani inapojitokeza. Huko, wauzaji wa vitabu wa New York walishtakiwa na kupatikana na hatia kwa kuuza Zap namba 4. Mnunuzi aliyeipeleka nyumbani alilala salama. Hapa, kosa lilikuwa kuwa nayo tu. Mwaka 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kenyatta (wakati huo kikiwa chuo kishiriki), alifungwa miaka sita kwa kupatikana na chapisho lililoitwa la uchochezi, na kuanzia mwaka 1986 wengine kadhaa walifungwa kwa tuhuma za namna hiyo. Sheria ya uchochezi ilifutwa mwaka 1997. Nilipomuuliza mwalimu wetu kwa nini masanduku yake hayana hata karatasi moja ya aina hiyo, alinijibu kwamba alikuwa na watoto wa kulea, na kwamba jiko la makaa halikuwa mbali.

Kwa hiyo mkusanyo huu unatueleza pia kile ambacho mtu mwenye akili timamu hakuthubutu kukiweka. Anayeandika historia ya fasihi ya upinzani ya Kenya kwa kutegemea vilivyosalia ataandika historia ya vilivyoruhusiwa.

Hatari ya sasa ni ya soko. Barabara ya Namanga imezoea kuugeuza utamaduni kuwa kipande cha kununuliwa: ushanga, rungu, shuka. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale amekwisha kufika Kitengela, akavitaka vitabu vitano vya Kimarekani na kuviacha vingine vyote. Mwalimu alikataa, akidai mkusanyo uende pamoja. Maktaba moja ya chuo kikuu, ambayo sioni haja ya kuitaja, nayo ilikataa kuupokea kwa hoja kwamba magazeti ya kuchekesha si vitabu vya rejea. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 na ambaye mama yake alikuwa Mmaasai, alitufundisha kwamba taifa linaweza kununua mkusanyo wa mtu binafsi na kuuweka katika Nyaraka za Taifa. Lakini sifa ya mkusanyo wake ilitokana na vitabu adimu na kazi za sanaa. Karatasi ya shilingi chache, ambayo kesho yake hufungia nyama buchani, haijampata Murumbi wake.

Wanafunzi wawili nami tumeanza kuorodhesha na kupiga picha masanduku hayo. Tumemaliza Joe, Sani limebaki, kwani mchwa waliingia sanduku la chini na kurasa zinahitaji kutenganishwa polepole. Vipande vya Juha Kalulu tunavipiga picha pande zote mbili. Nyuma ya michoro, makasi yamekata habari katikati: nusu ya bei za mifugo, robo ya hotuba ya waziri, tangazo la kazi lisilo na anwani.