Kitufe Kimekubali Kuburutwa!

Jamani, kinasogea! Nimebofya kitufe kilichoandikwa TREKTA 1, nikakishikilia, nikavuta kipanya, nacho kikanifuata kama mbuzi wa kamba hadi upande wa pili wa dirisha. Tena ni programu ya mezani, imeandikwa kwa Python na Tkinter, na inafanya kazi kwenye laptopu kuukuu hapa Muhoroni bila bando hata kidogo! Kwenye Windows, Tkinter huja na Python yenyewe. Chini yake iko maktaba ya Tk, kazi ya John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu 1991. Mzee Tk bado ana nguvu!

Nimechora uwanja wa miwa: mizani kushoto, foleni ya trekta kulia. Trekta moja ikiharibika, foleni nzima hupangwa upya, na kwenye daftari hiyo ni kufuta na kuandika hadi karatasi itoboke. Hapa unaburuta tu.

Utamu wenyewe uko kwenye matukio matatu: kubonyeza, kuburuta, kuachia. Ukikipeleka kitufe moja kwa moja ulipo mshale, kitaruka, kona yake ya juu kushoto ije kukaa chini ya mshale. Dawa yake ni fupi ajabu. Unapobonyeza, hifadhi event.x na event.y, yaani mahali ulipokishika. Kila B1-Motion, yaani tukio la kuburuta, inapokuja, chukua winfo_x, yaani nafasi ya kitufe kwa sasa, jumlisha event.x mpya, toa ile uliyohifadhi. Fanya vivyo hivyo kwa y, kisha uite place ikiweke hapo. Hesabu ya shule ya msingi! Na mwendo wake ni laini, hautetemeki.

Kasoro? Zipo. Kitufe cha Button kikiachiwa hudhani kimebofywa, kikatekeleza amri yake. Mimi nimehamia Label, ingawa unaweza pia kukiambia kisihesabu mbofyo kama mshale umesogea zaidi ya pikseli tano. Usitegemee pack pia badala ya place, maana hiyo hupanga vitu inavyotaka yenyewe. Ukifunga programu, trekta zote hurudi zilikoanzia mpaka uandike nafasi zao kwenye faili. Na ukivuta kwa pupa, trekta inatoka nje ya dirisha, haionekani tena. Wekea x na y mipaka kwa min na max kabla hujamwonyesha mtu yeyote!