Nani mstahiki, mheshimiwa au shosho?

Majuzi, siku ya soko Karatina, nilipanda matatu ya kwenda Nyeri nikaketi nyuma ya shosho mmoja aliyekuwa akihesabu noti ndani ya kitambaa. Alikuwa ametoka kwa ajenti wa benki kuchukua pesa za Inua Jamii. Kijana aliyekuwa kando yake akamwamkia, akamuuliza kama zimeingia.

"Zimeingia. Mheshimiwa ametukumbuka."

"Lakini shosho, hizo si za mheshimiwa. Ni zako. Serikali inakupea kwa sababu umefikisha sabini."

"Kama ni zangu," shosho akamjibu, "mbona tuliambiwa tupige makofi?"

Kijana akanyamaza. Shosho alishuka Marua, nami nikabaki na swali lake. Nimelitafutia jibu tangu siku hiyo, na nashuku kwamba sehemu ya jibu iko katika Kiswahili tunachokitumia sisi wa magazeti na redio.

Tazama vichwa vya habari tulivyovizoea: mbunge atoa basari, mheshimiwa awapiga jeki wajane, wazee wasiojiweza wapata msaada. Kitenzi 'toa' kina mtendaji, na masikioni mwa wengi kina pia mfuko ambamo kitu kinatoka. Mama akitoa sadaka kanisani, ametoa chake. Sasa mbunge anaposimama uwanjani na hundi ya kadibodi yenye ukubwa wa mlango, ametoa cha nani? Pesa zile ni za hazina ya maeneobunge, ambayo mizizi yake ni sheria ya 2003, mwaka wa kwanza wa Kibaki wa Othaya kuwa Ikulu. Zinatokana na kodi, ikiwemo ile ambayo shosho hulipa kila anaponunua sabuni. Kwa hivyo aliyetoa ni shosho. Mheshimiwa, tukimtendea haki, 'amefikisha' au 'amekabidhi'. Vitenzi hivi tunavyo, tena vifupi vya kutosha kuenea kwenye kichwa cha habari.

'Wasiojiweza' nalo linanikera. Kamusi haina kosa, kwani kujiweza ni kuwa na uwezo. Lakini mtu aliyechuma chai miaka arobaini akasomesha watoto kwa bonasi amejiweza kuliko wengi wetu. Kilichomfikia ni uzee.

Tatizo kubwa, hata hivyo, naliona katika neno ambalo tumelipa mtu asiyelihitaji. Kabla ya ugatuzi kufanya kazi mwaka wa 2013, Nyeri ilikuwa na baraza la manispaa na meya wake, na meya popote nchini aliitwa 'Mstahiki Meya'. Mstahiki ni nani? Ni mtu anayestahiki kitu, na 'stahiki' limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na 'haki'. Katika fikihi ya Kiislamu, mustahiki ni yule anayepaswa kupokea zaka: fakiri, maskini, mwenye deni, msafiri aliyekwama na wengine wanaotajwa katika sura ya tisa ya Kurani, aya ya 60. Yaani asili ya neno hili iko upande wa mpokeaji. Sisi tulilitwaa tukamvisha meya pamoja na mkufu wake, na yule mwenye haki yake tukamwachia 'mhitaji'. Mhitaji huomba. Mstahiki hudai.

Katiba ya 2010 imeelekea upande wa mustahiki. Kifungu cha 43 kinaihesabu hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu, na kinailazimu serikali kuwapa hifadhi hiyo wasioweza kujikimu. Hata pale Kifungu cha 57 kinapogusia usaidizi kwa wazee, kinaugusia kama kitu ambacho wana haki ya kukipata kutoka kwa familia na serikali. 'Hisani' tuiachie televisheni, kipindi kinapoletwa kwa hisani ya kampuni ya unga.

Naomba nisieleweke vibaya. Mwanasiasa mwenye huruma ni baraka, na wapo. Ninachouliza ni mahali pa kuipimia huruma hiyo. Tumezoea kuipimia mazishini, ambako mheshimiwa hushika maikrofoni na kutangaza kwamba pesa za wazee zimetoka, watu wakapiga makofi. Ningependa tuipimie bungeni, katika mjadala wa bajeti. Malipo ya Inua Jamii ni Sh2,000 kwa mwezi, kiwango ambacho hakijasonga kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali bei ya sukari haikungoja. Mbunge akisimama siku hiyo akataka kiwango kipande, au akahoji kwa nini malipo yamechelewa, hapo niko tayari kumwita mwenye huruma, bila alama za kunukuu.

Sijitoi lawamani. Zamani, nikiwa ripota mchanga Nyeri, nilitumwa kwenye hafla ya hundi za karo. Niliandika kwamba mbunge 'mkarimu' alikuwa 'amewakumbuka' mayatima wa eneo lake. Mhariri hakubadilisha hata neno moja. Leo ningeandika hivi: 'Karo ya mayatima yalipwa kutoka hazina ya eneobunge, mbunge alikuwepo.'