Rubani Hupimwa Ardhini

Watu humsifu rubani kwa kupaa na kutua. Ule mwendo wa polepole kutoka maegesho hadi njia ya kurukia hauna anayeushangilia, na wanafunzi wengi huuona kama foleni tu ya kungojea safari. Nadhani wanakosea, na Shinyanga inatosha kuwa shahidi. Viwanja vya Ibadakuli na Mwadui viko kwenye mbuga tambarare. Pamba ikishavunwa, jua la kiangazi huinua visulisuli vya vumbi mchana kweupe. Masika nayo, wingu la radi humwaga hewa baridi inayotambaa chini na kufika kabla ya tone la kwanza la mvua. Upande wa Geita, dhoruba hutokea Ziwa Victoria. Upepo wa huku haupigi hodi.

Sasa itazame Cessna 172, ndege ambayo zimeundwa zaidi ya 40,000 tangu miaka ya 1950 na ambayo imefundisha marubani wa kila bara. Ikiwa tupu haifiki kilo 800. Bawa lake la mita 11 limekaa juu ya dari, na magurudumu yake matatu yamekaribiana chini ya tumbo. Kwa bawa, hewa ni hewa, iwe ndege ndiyo inayokimbia au upepo ndio unaovuma. Tena upepo ukipanda kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 50, nguvu yake haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Kwa hiyo ndege iliyowashwa injini chini ya anga la namna hii imeshaanza kuruka, ingawa magurudumu bado yanakanyaga changarawe.

Ufundi wenyewe uko mikononi. Upepo ukija kwa mbele kushoto, rubani huzungusha usukani kushoto; kibao cha nyuma ya bawa la kushoto huinuka, na upepo wenyewe hulikandamiza bawa lisinyanyuke. Ndege ikikata kona na upepo ukawa wa nyuma kushoto, mkono hugeuza kila kitu: usukani kulia, kisha husukumwa mbele, ili kibao cha mkia kishuke na upepo ukipige kwa juu. Kona moja tu, na kilichokuwa sahihi kimekuwa hatari. Waendesha baiskeli za abiria wa Shinyanga mjini wanalielewa jambo hili bila darasa: mwenye abiria nyuma huegemea upande wa upepo kabla hajafika mwisho wa ukuta unaomkinga. Akingoja asukumwe ndipo aegemee, abiria wake yuko chini.

Watasema gurudumu la pua limemaliza tatizo, kwamba ndege za zamani zenye gurudumu la mkia ndizo zilizokuwa korofi. Ni kweli kwamba zilikuwa korofi zaidi. Lakini gurudumu la pua halizuii bawa kunyanyuka, na anayekata kona kwa kasi huku akibana breki, upepo ukiwa mgongoni, huulemeza uzito kwenye pua na kuliachia bawa nafasi ya kuinuka. Breki si jibu. Mwendo wa mtu anayetembea ndio jibu. Wapo pia watakaouliza kwa nini ndege isibaki maegeshoni. Hoja hii ina nguvu, na rubani anayeahirisha safari kwa sababu ya ukuta wa vumbi upeoni ninamhesabu kuwa fundi kamili. Ila wingu likimkuta katikati ya uwanja, kuahirisha kumepitwa na wakati, na kinachobaki ni mikono iliyozoea.

Wala kuzima injini hakumalizi kazi. Pua huelekezwa upepo utokako, kabari hubanwa kwenye magurudumu, usukani hufungwa kwa pini yake, kisha kamba tatu: moja kila bawa, na ya tatu mkiani. Hiyo ya mkiani ndiyo inayosahauliwa mara nyingi.