Ngoma ya Msiba Ipyana

Godfrey Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, alieleza mazishi yao katika maandishi ya 1939: wanawake walilia, na wanaume, mikuki mkononi, wakacheza ngoma. Mpita njia Ipyana angesema, "Hawa hawana uchungu!" Lahasha. Ngoma ile ilikuwa kilio cha miguu. Kijana aliyefiwa na baba moyo wake umejaa hofu na hasira, na hayo hayatoki kwa machozi peke yake.

Imamu Ghazali (aliyefariki 1111) amefundisha katika Ihya kwamba sauti haitii moyoni kisichokuwamo, bali huamsha kilichomo. Tena akaigawa huzuni: kusikitikia dhambi kwasifiwa, kusikitika kwa kuikasirikia kadari kwalaumiwa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, alichokataza ni kujipiga mashavu na kurarua nguo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uendapo kumzika jirani, usiihukumu ngoma kwa mshindo wake. Mtazame mfiwa inapokoma. Akiketi ametulia, imemfaa. Akitoka kumsaka wa kumlaumu kwa kifo kile, basi ngoma imeamsha alichokuwa nacho, na hicho ndicho cha kuogopwa.