Hongera kwa Wakusanya Mafuta Machakavu wa London
Mwaka 2017, chini ya barabara ya Whitechapel, mashariki mwa London, mafundi wa maji taka walikuta bonge la mafuta na uchafu lenye uzito wa tani 130 na urefu wa mita 250. Sehemu yake iligeuzwa biodizeli. Basi mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi ni mali, na anayezunguka migahawani kuyakusanya kabla hayajamwagwa anastahili pongezi. Kazi yenyewe haihitaji kiwanda kikubwa: mafuta huchujwa, hupashwa moto, huchanganywa na methanoli na soda kali, kisha gliserini hutuama chini na biodizeli hubaki juu. Tangu 2007 mzalishaji asiyefikisha lita 2,500 kwa mwaka hatozwi ushuru wa mafuta. Hapo vikundi vya mitaa maskini hupata upenyo.

Wapo wanaosema moshi ni moshi tu, na kwamba mafuta hayo hayatoshi mji mzima. Kweli hayatoshi, na mabasi ya umeme yanazidi kuongezeka. Lakini magari ya dizeli bado yapo, na chipsi (alhamdulillahi) haziishi London. Kuziba upungufu wa mafuta hayo kwa kuagiza mawese ya mbali na kuyaita nishati safi ndiko kungeharibu jina la kazi hii. Mabaraza ya mitaa yawapangishe wakusanyaji karakana kwa kodi nafuu.